Omu Nane

Nyuma ya spika pana karatasi iliyoliwa na mende pembeni,
na alama moja kama chungu kilichofunikwa,
mdomo chini, masikio mawili yamekanyaga ardhi.
Kando yake, nane.
Miaka yote nimepangusa vumbi hapo
nisijue kwamba ni maneno.

Baba alizishusha kituoni Iyunga, mwaka wa mahindi ya njano,
zimetoka Kapiri Mposhi chini ya kiti cha walinzi,
zimefungwa blanketi kama mapacha wenye homa.
Masanduku akayaranda mwenyewe, mbao za kreti za reli;
ukinusa kwa ndani, grisi bado ipo.

Amplifaya yake ilikufa Machi, umeme uliporudi kwa hasira.
Nikauza viazi magunia manne, bei ya Uyole, bei ya kulia,
laki mbili na nusu nikaikunja ndani ya soksi
nikashuka Mwanjelwa, Juni, mvuke unanitoka mdomoni
kama nimemeza birika.

Duka la kwanza: taa za kijani, taa za zambarau,
sanduku limeandikwa wati elfu tano.
Kijana akabonyeza kitufe, vioo vikatetemeka,
kifua changu kikabishwa hodi na mtu nisiyemjua.
"Hii, mzee, hata mlima Loleza utageuka kusikiliza."
Wati elfu tano!
Nikaushika waya wake wa umeme:
mwembamba, mkia wa panya.
Mto mzima haupiti kwenye mrija wa peni.

Nikaenda kwa Gwakisa, nyuma ya wauza ndala,
miwani yake imeungwa kwa risasi ya redio.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Akaniuliza: "Spika zako zinakula nini?"
Nikamchorea vumbini chungu kilichofunikwa, na nane.
Akacheka polepole, kama mtu aliyetajiwa jina la kijiji chake.

"Omu nane ni mvumilivu, haiburuzi mashine.
Ipe kidogo kilicho safi, itashukuru.
Watu wanadhani spika huuawa na amplifaya kubwa.
Nimezika nyingi hapa, fundi wa msiba mimi:
zimeuawa na ndogo, iliyolazimishwa kupiga kelele
isizokuwa nazo."

Akatoa risiva nyeusi, mtumba, nzito kama jiwe la kusagia.
Wati hamsini. "Lakini hamsini za kweli,
za kuhesabu umekaa."
Njia tano za sauti; ya nyuma kushoto imekufa.
"Punguza bei basi."
"Una spika ngapi?"
"Mbili."
"Sasa nikupunguzie nini? Bei ya jino usilotafunia?"
Tukabishana hata hivyo. Akashuka elfu thelathini,
na waya mnene mita nane juu yake.

Na spika ya katikati, nikauliza, ile ya maneno?
Akafuta mikono kwenye suruali.
"Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.
Kiti chako kiwe mbali sawa na zote mbili.
Mengine utakuja kuniambia."

Atupele aliuzunguka mzigo mara mbili.
"Taa zake ziko wapi?"
Nikamwonyesha moja, nyekundu, punje ya mtama.
Akarudi jikoni.

Usiku, sinema ya watu wanaogombea shamba.
Runinga yetu ni bubu tangu mwaka jana, tumeisukuma kona ya mlango;
sauti yote ni ya masanduku ya Baba.
Mvua ya ndani ya sinema ikanyesha, nikainuka
kuanua nguo, nje nyota tupu na baridi.
Niliporudi, Lusekelo alikuwa kati ya spika,
miaka mitano, soksi moja.
Ameweka sikio kushoto, akatikisa kichwa.
Ameweka kulia, akatikisa.
Akapapasa ukuta mtupu katikati,
akavuta pazia, akachungulia.
"Baba, huyu anayeongea amekaa wapi?"

Sauti ilikuwa pale pale, kimo cha mtu aliyeketi,
pasipo na sanduku, pasipo na waya.

Nikamwambia asogee,
asimzibe.