Shimo la Bi Mebakari

Walikuwa wakichimba choo, Mtongwe, nyuma ya jiko.
Futi ya tisa sururu ikapita bila kugonga,
ikamponyoka fundi, wakaisikia ikitua mbali:
pango.

Bi Mebakari akataka lizibwe leo leo.
Tukaomba juma moja, mimi na Wakesho,
na ngazi ya kuazima, na vikopo vya dawa vitupu.

Kuta zote matumbawe. Ukizitia asidi zinachemka
kama soda, zinakwisha; bahari ilizijenga
kwa mifupa yake yenyewe.
Basi sakafuni, chini ya mavi ya popo,
mchanga huu mwekundu usiotishika na asidi
umeletwa na nani?

Tukaosha, tukachekecha, tukainamia hadubini,
punje mia tatu kila kikopo,
kama mchele wa mgeni asiyependwa na mawe.
Kwarzi. Kwarzi. Kwarzi.
Matumbawe hayazai kwarzi.
Nyingine duara, zimefifia kama kioo kilichosuguliwa:
hizo zimechapwa na upepo.
Nyingine zina kona bado,
zimeteremshwa na mvua, labda kutoka Shimba.
Na moja ya rangi ya damu iliyokauka, garneti,
ndogo kuliko jicho la sisimizi.
Wakesho akaacha kuhesabu.
“Huyu wa kwetu,” akasema.
Kwao Wundanyi. Alisema *huyu*, hakusema *hii*.

Udongo wa mfinyanzi ukaenda kwenye eksirei.
Wa juu kaolini, mtulivu, hauna makuu.
Wa chini, ulipoonjeshwa glikoli, ukavimba
kama mtu aliyesifiwa mbele ya wakwe.
Huo naujua bila mashine:
ndio unaopasua nyumba ya baba Changamwe
kila masika; anapaka plasta, ufa unarudi.
Lakini Changamwe ni ng'ambo. Ulivukaje?
Labda zamani hapakuwa na maji pale.
Labda palikuwa na mto uliokufa na jina lake.
Niliandika “labda” mara nne kwenye ripoti;
mkubwa akafuta tatu.

Siku ya kufunga kazi, fundi wa sururu
akamuuliza Wakesho, kwa mzaha usio mzaha:
“Wewe wa bara, huku umefuata nini?”
Wakesho alikuwa akiandika lebo. Hakuinua uso.
Akampa kikopo cha kumi na nne.
“Umeshika nini?”
“Mchanga.”
“Wa wapi?”
Jamaa akatazama kikopo, akatazama shimo.
“Si wa hapa hapa?”
“Haya,” akasema Wakesho, akakichukua kikopo chake.

Bi Mebakari hayo hayamhusu.
Anachotaka kujua ni choo kitachimbwa wapi sasa,
na sisi si ndio wasomi, tumpimie.

Nikazunguka uani nikigonga ardhi kwa kisigino,
kwenye mgomba, kwenye kamba ya nguo, kwenye banda la kuku.
Kote kunaitika.