Nane Isiyotundikwa

Kazi yangu ni ndogo: natundika namba.
Ubao wa matokeo wa Ashieburn hauna umeme.
Una misumari, una ngazi, una mimi,
na kasha la bati lililobeba biskuti za Krismasi za mama
kabla halijabeba tarakimu.

Dakika ya themanini ilikwisha pita.
Sisi kumi na sita, wao kumi na tano,
mvua ya Novemba ikitupiga ubavuni
toka mlimani kwa kondoo,
na refa, bila haya,
akainua mkono upande wao.

Huku Mipakani mwa Uskoti mpigaji hazomewi.
Awe hasimu, awe mwizi wa mbwa wako,
akishauweka mpira chini, midomo hufungwa.
Watu elfu moja na mia mbili, kimya,
hata nikayasikia maji yakidondoka toka kofia hadi bega,
nikamsikia Netta Purves akimung'unya peremende.

Nami, kwa kuwa mita ishirini na tano
si kitu kwa kijana yule,
nilishapanda ngazi.
Tano nimeing'oa. Nane i mkononi.
Upande wa wageni ilibaki moja peke yake,
na pengo pembeni kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza.
Macho ya mji mzima yalinichoma mgongo:
Hobkirk, mchimba kaburi wa timu yake!

Akapiga.

Mlingoti ukalia
kama ndoo iliyopigwa kwato,
mpira ukarudi uwanjani umechanganyikiwa,
na Finlay Haig, ambaye alasiri nzima
alishika kila kitu isipokuwa mpira,
akaudaka,
akaupiga teke juu ya uzio,
juu ya paa la kiwanda cha sufu kilichofungwa,
ukaangukia mtoni. Kwa nijuavyo mimi
ungali ukielea kwenda Berwick.

Filimbi.

Ungedhani tungeimba.
Wattie Crozier alisema, "Aibu!"
akifuta machozi kwa mkono uleule
aliokuwa akimtishia refa.
"Aibu tupu. Mipira tisa ya kurushwa tumenyang'anywa. Nimeihesabu."
"Saba," akasema Netta.
"Tisa!"
Wakakumbatiana,
kisha wakaachana upesi,
wamekumbuka kesi ya ua wa bustani.

Mchungaji Elphinstone alituhakikishia
kwamba Mungu hajiingizi katika raga.
Akanyamaza. Akautazama mlingoti.
"Lakini upepo ule," akasema,
akaondoka bila kumaliza.

Binti wa mwokaji mikate akavuta koti la baba yake:
"Tumeshinda au tumeshindwa?"
Baba alifikiri muda mrefu kuliko ilivyostahili.
"Tumeshinda," akasema,
"ila usiwaambie wachezaji."

Na yule kijana wao bado alikuwa ameketi matopeni,
akiliangalia buti lake kana kwamba limemtukana.
Grizel wa birika la chai akavuka mstari
akampelekea sambusa ya nyama ya kondoo,
ile ya mwisho, aliyomnyima Wattie.
Miaka arobaini namjua Grizel.
Sijawahi kumwona akitoa kitu bila kupokea sarafu.

Mimi nilishuka ngazi wa mwisho.
Nikairudisha tano mahali pake,
nikaitazama kidogo, kumi na sita, kumi na tano,
ushindi mwembamba kama kisu cha kumenyea viazi,
kisha nikaving'oa vyote.

Nyumbani, nilipovua koti,
nane ikaanguka juu ya meza,
ikalala ubavu kama miwani ya mtu aliyesinzia.
Effie akaacha kukoroga supu.
"Hii alifunga nani?"
"Hakuna."
Akaigeuza, akaifuta tope kwa aproni,
akaiegemeza kwenye ukingo wa jiko.

Jumamosi ijayo tuko ugenini.
Kwao namba huwashwa kwa kitufe.
Iache hapo, ikauke.