Likifika Tisini

Mjini halina neno.
Kizota hadi Sabasaba, laini kama uji wa mgonjwa.
Ni ukishaipita Bahi, barabara ikanyooka,
mshale ukagusa tisini,
hapo linasita.
Nusu pumzi tu,
kama mtu aliyesikia jina lake nyuma,
akageuka, hakuona mtu, akaendelea.
Lori la Kigoma linanipigia honi
na makreti ya zabibu yananijia kisogoni.

Fundi wa kwanza alibadili plagi zote nne.
Wa pili akasema koili, akala elfu themanini.
Wa tatu alilisikiliza likiwa limesimama,
sikio kaliegemeza kwenye bonet,
akasema: Gari hili zima. Labda wewe.

Ndahani hakufungua kitu.
Aliuliza: linasita na mzigo, au hata tupu?
Ukiachia mafuta kidogo, linarudi?
Mlimani je?
Nikajibu kama niko kwa daktari, na aibu ileile.
Akafunga geji kwenye mrija wa mafuta,
akaipitisha juu ya bonet, akaibana kwa waipa,
ikawa inatukodolea kiooni kama jicho la kinyonga.
"Twende Saranda. Ugonjwa wa njiani hupimwa njiani."

Kintinku, mshale wa geji umetulia.
Tukaanza kupanda.
Themanini. Themanini na tano.
"Kanyaga, usilionee huruma."
Tisini.
Mshale ukashuka, polepole,
kama maji ya kisima mwezi wa kumi
ndoo zinapokuwa nyingi kuliko chemchemi.
"Umeona? Cheche zipo. Koo ndilo limebanwa."

Jioni tangi lilikuwa chini, juu ya turubai.
Chujio la pampu limevaa tope jekundu,
na ndani ya tope kipande cha kitenge,
maua ya njano bado yanasomeka.
Akakinyoosha kwa ncha ya bisibisi.
"Mafuta unanunua wapi?"

Nikajifanya natazama treni.
Kitenge kile nakijua.
Ndicho kizibo cha madumu ya shemeji,
anayeniuzia usiku, bei ya undugu.
Treni yenyewe haikuwepo.
Ndahani akacheka, akaosha tangi mara tatu.

Sasa linakwenda mia, halitikisiki.
Shemeji bado ananisalimu, dumu mkononi;
nami naitikia salamu tu.
Lakini kila nikiikaribia tisini,
mguu wangu wenyewe unajivuta,
nusu pumzi,
kama umeitwa.