Mbio Zinazoanzia Ukingoni

Saa moja asubuhi, Septemba. Vilnius haijapiga mswaki.
Ukungu umelala juu ya mto Neris
kama shuka ambalo hakuna aliyejisumbua kulikunja,
nami Vaidotas, miaka hamsini na tisa,
dereva mstaafu wa basi la nyaya,
nafunga kamba za raba
alizonitumia binti yangu Austėja kutoka Dublin:
rangi ya chungwa, namba moja zaidi ya mguu wangu.
Nimevaa soksi mbili mbili. Zinatosha.

Daktari alisema: Moyo wako umekaa kitini
miaka thelathini na mmoja. Uamshe.
Lakini taratibu, usiushtue.
Basi nakimbia kama mtu aliyebeba bakuli la supu.

Njia ni ya huruma, haina kilima cha kunifedhehesha.
Mchanga, sindano za misonobari, mizizi michache
inayochungulia kama magoti chini ya blanketi.
Kushoto mto, kulia miti iliyonyooka
hata nami navuta mabega nyuma.
Jiji lipo. Linakohoa huko ng'ambo ya msitu,
ila hapa kigogota ndiye mwenye nyundo,
na kindi anavuka bila kutazama taa.

Waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni
hawakuniona mimi.
Zangu ukingoni ndipo zinapoanzia.

Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia juu.
Nilitafuta nyaya.
Basi langu lilikula kwa urefu wa kamba yake kama mbuzi,
tofauti ni kwamba kamba yetu ilikuwa angani:
ikichomoka tu, tunazimika katikati ya njia panda,
nashuka kwenye theluji na glavu zangu
kuirudisha, abiria wakinihesabia dakika kwa macho.
Sasa juu kuna matawi, na kati ya matawi hakuna kitu.
Lakini mguu wa kulia bado unatafuta breki
kila nikifika kwenye benchi.

Ananipita mama anayesukuma kigari cha mapacha.
Mapacha wananigeukia, wananionea huruma.

Kisha Genovaitė, na ndoo yake ya uyoga,
ameinama kando ya njia, kisu kidogo mkononi.
Siku ya kwanza aliuliza, "Nani anakufukuza?"
Sikuwa na jibu, wala pumzi ya kulitolea.
Siku ya pili nikasema, "Daktari."
Akatazama nyuma yangu, akatazama tena.
"Amechoka huyo. Tembea."

Leo hakuuliza. Alinyooka, akashika kiuno,
akasema kama anayetaja bei ya viazi:
"Wewe ndiye uliyenifungia mlango.
Januari. Nilikuwa nakimbia, na ndoo hii hii.
Nilikuona kwenye kioo ukiniona."

Mto ukaendelea na kazi yake.
Nilitaka kusema ratiba,
nilitaka kusema barafu, na basi lililokuwa nyuma likipiga honi,
nilitaka kusema, mama, milango ile niliifunga mara elfu ngapi,
nitaukumbukaje mmoja?
Lakini niliukumbuka.
Kitambaa cha kijani. Mdomo ukitoa mvuke,
mkono ukipiga bati mara mbili, halafu basi.

Nikasimama, moyo ukidunda hadi kwenye meno.
Nikanyoosha mkono kwenye ndoo.
"Panda," nikamwambia. "Nikupeleke hadi darajani."

Alinitazama raba, akapandisha macho hadi kwenye upara.
Akacheka kicheko kikavu, cha majani yaliyokanyagwa.
"Nenda zako. Mimi nilishafika kwa miguu."

Akanipa uyoga wawili, wa kahawia, bado una mchanga.
Sina mfuko. Nimeushika mmoja kila kiganja,
nakimbia kuelekea darajani kama aliyebeba mayai,
raba kubwa zikipiga makofi chini,
na pale kwenye benchi, kwa mara ya kwanza,
mguu wa kulia umepita moja kwa moja.

Baadaye nikageuka kuangalia.
Hapakuwa na kioo. Ilinibidi nigeuze shingo yote.