Empaako

Kwetu Fort Portal mtu haitwi jina lake kavukavu.
Kuna empaako, jina la kubembelezea,
machache tu, tunagawana kama chumvi.
Mimi Adyeri. Kabasomi, yeye, Abwoli.
Asubuhi bombani, mswaki mdomoni:
Abwoli, umelalaje? Na siku imefunguka.

Kidato cha pili, muhula wa pili, tukaifunga.
Kosa lake silikumbuki. Labda alicheka vibaya,
labda Katusabe alihitaji tu mtu wa kuwa nje
ili sisi tulio ndani tujue tumo ndani.
Hatukumpiga. Hatukumtukana. Andikeni hivyo.
Tulimwita Kabasomi,
kama mwalimu anavyoita rejista,
na alipoketi na sahani yake ya posho
tukakumbuka, sote wanne, kwamba tumeshiba.

Mimi nilikuwa wa mwisho kuliacha jina.
Nilijisifia hilo miaka mingi.

Kwanza tumbo. Matroni akampa Panadol.
Kisha kichwa. Panadol.
Kisha usingizi: kitanda cha juu kikilia usiku kucha,
nami chini yake nahesabu springi.
Mwandiko wake ukanywea. Kufikia Julai
herufi zilikuwa sisimizi wanaotoroka karatasi.
Mwalimu wa jiografia akaandika kwa wino mwekundu:
Ongeza bidii.

Ni Masika, Mkonzo wa Kasese, asiye na empaako,
yule tuliyemcheka lafudhi,
aliyekwenda kuketi naye kwenye ngazi za maabara,
karanga ndani ya skafu.
"Wale wanakuitaje?"
"Hawaniiti."
"Basi nifundishe mimi."
Akalikosea. Abuwali. Abori. Abwala.
Kabasomi akacheka, mlio mkavu, kama bawaba
ya mlango uliosahaulika.

Hakupona siku ile. Jina si kidonge.
Walimchukua nyumbani wiki tatu, akarudi
na sweta linalomning'inia.
Nilimkuta getini. Nilikuwa nalo mdomoni, Abwoli,
limeiva kabisa.
Nikalimeza.

Sasa binti yangu ana miaka kumi na mitatu.
Jumapili jioni, sanduku limekwisha fungwa,
anasema tumbo linamuuma.
Sitafuti Panadol.
Nazima redio, naketi kitandani pake:
Ateenyi, huko shuleni, nani anakuita?
Nangoja. Namwacha azungushe kifungo cha shati.
Kisha lile linalonikwama mwenyewe:
na wewe, mwanangu,
ni nani umeacha kumwita?