Daftari la Mpira wa Pete, Isevya, Tabora

Nimeandika mwenyewe, kwa wino mwekundu:
Kalunde, mabao mia na kumi na mbili.
Mwashi, sifuri.
Mihayo anagonga daftari kwa kidole:
"Kinara huyu hapa. Namba hazina mjomba."

Kweli, hazina.

Ila Jumapili ile, tukicheza na Kiloleni,
vumbi mpaka kwenye meno, tuko nyuma kwa saba,
Mwashi aliudaka mpira nusu umeshatoka,
akautupa nyuma ya kisogo bila kutazama
kama ajuaye kibiriti kilipo gizani.
Kalunde akafunga.
Nikaandika: Kalunde.
Na baada ya hapo wote tukawa tunamtazama Mwashi,
hata refa.

Leo nimechora safu mpya pembeni, haina kichwa.
"Inahesabu nini?" Mihayo anauliza.
Sijui bado.
Naivuta mpaka chini ya ukurasa.