Kivuli cha Tanki

Mwezi wa pili, Umoja, hakuna hata wingu la kuazima.
Saa tano asubuhi paa la ploti
linachoma kama kikaango kilichosahauliwa jikoni,
na Sajini, mbwa wa mwenye nyumba,
anainua mguu mmoja, kisha mwingine,
kama mtu aliyebanwa na foleni ya choo.

Nilivua ndala nikasimama pale pale alipo.
Nikahesabu. Sikufika sita.
Saruji ikinishinda mimi, imemshinda na yeye,
ila mimi nina ndala.

"Huyo ni wa kulinda," Bwana Kabucho aliniambia kwa simu,
"si wa kudekezwa."
Sawa. Lakini ni mlinzi gani huyu,
mnyororo wa mita mbili shingoni,
mbele ya kibanda cha mabati
ambacho adhuhuri kingeweza kuoka mkate?
Mwizi akija atamkuta ameshaiva.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko.
Hawakuwahi kupanda ghorofa sita
na jerikani begani.
Huku juu hakuna ufuko. Kuna matanki manne meusi
na maji ya mgao, Jumanne na Ijumaa,
yakijisikia.

Basi mimi, keyateka wa mabomba na taka,
nimekuwa keyateka wa jua pia.
Asubuhi namfunga magharibi mwa tanki la kwanza.
Saa sita namwingiza chini, katikati ya vyuma vinavyolibeba.
Alasiri tunahamia mashariki,
naburuta mnyororo, naburuta karai,
kivuli kikihamahama mbele yetu
kama mpangaji mwenye deni.

Maji nayabadilisha mara tatu.
Yakipata moto wa chai hayagusi,
ananitazama tu, ulimi nje,
kana kwamba mimi ndiye niliyeliwasha jua.
Magharibi nampekua kupe
nyuma ya masikio, katikati ya vidole.
Joto hili limewazalisha
kama uvumi wa kodi kupanda.

Kwamboka wa ghorofa ya tatu naye
paka wake amehamia ndani ya sinki.
Siku hizi anaoshea vyombo kwenye beseni, sakafuni,
asimwamshe.

Mtu aliniuliza haya niliyasomea wapi.
Sikuyasomea. Nilichelewa.

Mwaka juzi, msimu kama huu,
Mutembei wa nyumba namba kumi na moja
aliniachia sungura wake wawili,
wao wakienda Meru mazishini. Siku mbili tu.
Niliwapa sukuma wiki. Niliwapa maji.
Sanduku lao nililiweka kando ya ukuta
penye kivuli,
saa hiyo.
Nikashuka kuzibua choo cha namba nne.
Choo kikawa kigumu. Nikanunua waya. Nikaongea na watu.
Niliporudi kivuli kilikuwa kimeshaondoka
na wao wamelala ubavu,
midomo wazi, manyoya yamelowa mate,
mmoja bado akipumua mbiombio
kisha polepole
kisha

Nilimwagia maji. Nilimpepea kwa kipande cha boksi.
Nilimwita, na jina lake nilikuwa silijui.

Mutembei hakunilaumu. Miaka saba, atamlaumu nani?
Alileta kijiko cha mamake
tukachimba kando ya geti, penye udongo kidogo
wasioupaka saruji.
Aliuliza jambo moja tu:
"Kwani kivuli kilienda wapi?"

Leo ni Ijumaa na mabomba yanakohoa hewa.
Nina chupa moja ya lita, ya tangu juzi.
Nimenywa mafunda mawili, zingine nimemimina karaini,
Sajini anakunywa kwa kelele,
akinirushia matone kwenye vidole vya miguu.
Kule chini wanagonga ndoo:
Keyateka! Maji! Keyateka!

Nakuja.
Acha kwanza nisogeze karai
shubiri mbili.